Mistari Thelathini Niliyoijaza Bila Kuona

Nakumbuka siku moja ukumbi mzima ulinipigia makofi, na tangu hapo, mwanangu, sijatukanwa tusi lililoniuma kama makofi yale.

Nimeitwa mengi katika maisha. Mzururaji. Mvivu. Mwenye nyumba mmoja wa Majengo, pale Nyeri mjini, aliniambia mbele ya wapangaji wenzangu kwamba mimi ni kama moshi, naingia kila nyumba na sikai yoyote. Nilicheka, nikafunga mzigo wangu, nikahama. Lakini makofi yale hayajawahi kunichekesha. Nikiyakumbuka, hata niwe peke yangu namenya viazi, kisu husimama mkononi.

Nakuandikia wewe unayesoma na unayetafiti, wewe unayengoja siku jina lako litakapoitwa mbele za watu. Soma polepole. Mimi ujana wangu wote nilikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyonipeleka ninakotaka kukusimulia.

Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza. Karo ilikuwa sababu moja, lakini nisikudanganye, miguu yangu pia haikutaka kukaa chini ya dawati. Nilichota mchanga. Nililinda lango la nyumba za kupanga Ruring'u, karibu na uwanja wa michezo. Nilibeba magunia Karatina. Na kila nilikokwenda nilikwenda na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuuliza. Kwa nini birika hulia kabla maji hayajachemka? Kwa nini redio hushika vizuri ukiigusa, ukiiacha inakoroma? Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyoambiwa, lakini jaribu kumuuliza mtu aliye na gunia mgongoni uone atakavyokujibu.

Nikiwa na miaka ishirini na sita hivi nilipata kibarua katika kiwanda kimoja cha kahawa upande wa Mukurweini. Kiwanda cha kahawa, kwa asiyekijua, ni mahali wakulima wanapoleta kahawa mbivu. Humenywa, huoshwa, kisha huanikwa juani siku nyingi kwenye meza ndefu za waya. Kazi yangu ilikuwa kuigeuzageuza ile iliyoanikwa.

Asubuhi moja alikuja msichana aliyevaa koti la mvua siku ya jua, na mkobani alikuwa na mirija ya kioo. Aliitwa Wairimu. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa fizikia katika chuo kimoja cha kwetu huko Nyeri. Shahada ya kwanza alikuwa ameimaliza, sasa alikuwa akisomea ya pili, na huku akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza masomo ya maabara. Nilimkuta ameinama mezani, anafunga mrija kwa kamba ya mkonge.

“Madam, hiyo kitu unafunga ni ya nini?”

“Ni kipimajoto. Nataka kujua kahawa inasikia joto kiasi gani.”

“Kwani kahawa husikia?”

Akacheka. “Lete mikono.”

Alinimwagia maji mkono mmoja, wa pili akauacha mkavu, akaniambia niipungie hewani yote miwili. “Gani inasikia baridi?”

“Hii ya maji.”

“Basi. Maji ikiondoka inatoka na joto. Sasa angalia hii kahawa imelowa hapa mezani, alafu uniambie kama haisikii.”

Mwanangu, nilisimama pale na mikono yangu hewani kama mtu anayesali. Miaka yote ile nilikuwa nikiuliza, na huyu ndiye mtu wa kwanza aliyenijibu kwa kunipa kitu cha kushika. Baadaye niliambiwa kwamba hata wanafunzi wake chuoni walikuwa wakimpenda kwa jambo hilohilo. Hakuna aliyetoka darasani mwake na mikono mikavu.

Tatizo alilokuwa akilitafutia jibu lilikuwa la wale wanawake wa mezani. Jua likiwa kali mno, ganda la kahawa hupasuka. Mvua ikiipiga, huota ukungu. Kwa hiyo huifunika kwa nailoni, kisha huifunua. Lakini lini? Mvua ikipita, ungoje kiasi gani kabla ya kufunua? Kila mtu alikuwa na jibu la bibi yake. Wairimu alitaka kulipima.

Hakuweza kukaa nasi siku zote, kwa sababu ya madarasa yake. Akanichagua mimi. Kila saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nisome vipimajoto viwili, kimoja chini ya nailoni na kingine mezani mahali wazi, niandike katika daftari. Mistari kumi kwa siku, kwa wiki sita. Jumapili angekuja kulichukua daftari la wiki na kuniachia jingine.

Kabla hajaondoka alinipa sheria moja, na nakupa wewe kama alivyonipa. “Usiandike unachojua. Andika unachoona. Kuna siku utachelewa, kuna siku utaugua. Hapo acha mstari mtupu. Mstari mtupu si aibu, umesikia?”

“Nimesikia, Madam.”

Nilisikia kwa sikio.

Wiki nne za kwanza nilikuwa mtu mpya. Nilinunua saa ya mkono. Wanawake wa mezani wakanibatiza Daktari.

“Daktari, mgonjwa ameamka aje leo?”

“Ako na joto ishirini na tisa.”

“Ai! Si umpe dawa basi, ama unangojea afe?”

Mkubwa wao alikuwa Cucu Nyawira, nasi wote tulimwita Cucu kwa sababu alikuwa wa umri wa bibi zetu. Kazi yake ilikuwa kupita mezani akitoa mbegu mbaya kwa vidole. Kuna mbegu moja huwa imeoza ndani, kwa nje inafanana na nyingine zote, na ikipita hadi kwenye kikombe hunuka na kukiharibu chote. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, lakini vidole vyake viliijua. Alikuwa hacheki sana nami, ila kila saa nilipopita na daftari alisogeza kikapu chake ili nipate njia.

Mwaka ule mvua ilikataa kuja. Jua lilichomoza palepale, likapanda palepale, na vipimajoto vikapanda nalo. Kufikia wiki ya tano nilikuwa naweza kukuambia namba ya saa saba kabla sijaisoma. Nilianza kujaribu: naitaja kimoyomoyo, kisha natazama. Mara nyingi nilipata, au nilikosa kwa nukta. Na hapo, mwanangu, ndipo kiburi kinapopenda kujenga kiota, pale mtu anapoanza kupata bila kutazama.

Alhamisi moja alfajiri lori la mbuzi la mfanyabiashara mmoja wa Nanyuki lilisimama barabarani kubadilisha gurudumu. Nikasaidia, na mazungumzo yakaja. Dereva akaniambia kwamba kule kwao, mahali mstari wa ikweta unapopita, kuna mtu ana karai lenye tundu. Akilipeleka hatua chache kaskazini maji yanashuka yakizunguka upande mmoja. Akivuka kusini, yanazunguka upande wa pili.

“Unanidanganya,” nikasema.

“Panda ujionee. Jioni unarudi na gari ya soko.”

Niliiangalia njia ya kiwandani, kisha nikaliangalia lori. Nilijiambia kwamba hata Wairimu angetaka kujua. Mtu akitaka kutenda kosa hakosi mtu mwema wa kulitendea kwa jina lake. Nikapanda juu pamoja na mbuzi.

Sikurudi jioni. Nilikuta mambo ni kweli kama alivyosema: njiti ya kiberiti ikielea kwenye karai, huku ikizunguka hivi, kule ikizunguka vile, na wageni wakipiga picha na kushangilia. Nilitazama mara ya kwanza nikashangaa. Nikatazama mara ya kumi nikakuna kichwa. Ijumaa mchana, nikiwa nimechuchumaa palepale hadi miguu ikafa ganzi, nikaona. Upande huu alimimina maji kutoka kulia. Upande ule, kutoka kushoto. Dunia haikuwa na kazi pale. Ulikuwa mkono wake.

Nikamfuata kando. “Kaka, na ukimimina katikati, je?”

Akanitazama juu hadi chini. “Wewe ni wa wapi?”

“Mukurweini.”

“Basi rudi Mukurweini ukaangalie ndizi zenu. Hapa ni kazi ya watu.”

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nililala Nanyuki usiku wa pili nikiwa na furaha kama niliyeshinda mtihani. Nilikuwa nimemkamata mtu anayewaonyesha watu jambo ambalo halikutokea.

Jumamosi jioni nilishuka Mukurweini. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, watu wamekwenda nyumbani. Njiani niliona majani ya migomba yamechanika vipande vipande, nikadhani ni upepo. Mimi, niliyekuwa nikimuuliza kila mtu kila kitu, jioni ile sikumuuliza mtu hata neno moja. Nilikuwa na haraka. Wairimu angekuja kesho yake.

Nikakaa kwenye ukingo wa meza, nikafungua daftari. Siku tatu. Mistari thelathini, mitupu. Niliikumbuka sheria, usidhani sikuikumbuka. Lakini niliona sura yake atakapoikuta mitupu yote ile, nikaona jina la Daktari likinitoka, nikarudi kuwa moshi wa Majengo. Nikachukua kalamu. Ishirini na moja, ishirini na nne, ishirini na nane. Nilijaza kwa ufundi. Sikunakili siku zilizopita; nilipunguza nukta hapa, nikaongeza nukta pale, zifanane na kweli. Hata nilibadilisha kalamu, Ijumaa nikaiandika kwa wino mweusi. Nilikuwa nimetoka kumcheka mtu anayezungusha maji kwa mkono wake.

Jumapili Wairimu akaja, akapekua kurasa, akatabasamu. “Hujakosa hata saa moja?”

“Ni kazi tu, Madam.”

Jumatatu asubuhi nilipofika mezani, jambo la kwanza nililosikia lilikuwa Ijumaa. Ijumaa saa nane mchana mvua ya mawe ilikuwa imeshuka ghafla, mawe makubwa kama kahawa mbivu. Wanawake walikimbia kufunika huku yakiwapiga migongoni. Meza moja haikuwahiwa. Kulipoa hadi watu wakawasha moto. Ilikuwa mvua pekee ya wiki zote zile sita, na ilikuwa ndiyo siku yenyewe aliyokuwa akiingoja Wairimu: mvua ipige, ipite, tuone kahawa inachukua muda gani kurudi.

Na katika daftari langu, Ijumaa saa nane, jua lilikuwa kali kuliko siku zote za wiki.

Ningeweza kumpigia simu siku ileile. Simu nilikuwa nayo mfukoni. Niliitoa, nikairudisha. Nilijiambia wanawake watamwambia. Lakini wao hawakumwambia, kwa sababu walidhani mimi niliyesimuliwa yote nimeshamwambia. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini asikudanganye mtu, hata katika njia fupi kuna nafasi za kugeuka, na mimi nilizipita zote nikitazama mbele.

Miezi ikapita. Wairimu akaandika kazi yake, nikasikia imesifiwa. Idara yao ya fizikia ilikuwa na desturi ya kumtuza kila mwaka mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyefundisha vizuri na pia kutafiti vizuri. Kimoja pekee hakikutosha. Na aliyepata tuzo ile ndiye aliyefikiriwa kwanza kwa nafasi ya kuendelea hadi uzamivu, shahada ile ya mwisho. Mwaka ule alikuwa Wairimu. Akatualika, mimi na Cucu Nyawira na wanawake wengine wawili wa mezani.

Nilivaa koti la kuazima. Tulikaa safu ya tatu. Mkuu wa idara alisoma jinsi Wairimu alivyofundisha, wanafunzi wake wakapiga miluzi huko nyuma, naye akapanda jukwaani kuchukua ngao ya mbao yenye jina lake. Nilidhani atashuka. Hakushuka. Alishika kipaza sauti.

“Hii tuzo ina mtu mwingine,” alisema. “Hakumaliza hata kidato cha kwanza. Lakini kwa wiki sita, kila saa, jua likiwaka, alinisomea vipimajoto na hakukosa hata mstari mmoja. Ndugu yangu Muriuki, tafadhali simama.”

Nilisimama. Watu wakapiga makofi. Maprofesa, wanafunzi, wazazi waliovaa vizuri, wote wakigeuka kunitazama, wengine wakainuka. Nami, mwanangu, nilitabasamu. Nilipunga hata mkono. Kisha macho yangu yakashuka kwa Cucu Nyawira kando yangu. Wale wanawake wawili walikuwa wameanza kupiga makofi, wakatazamana, wakaacha. Mikono ya Cucu ilikuwa imetulia magotini, vidole vimefumbatana. Alikuwa akitazama mbele.

Baadaye kulikuwa na chai na mandazi nje, na kazi za wanafunzi zimebandikwa ukutani kwenye mabango. Cucu akanivuta mkono hadi kwenye bango la Wairimu.

“Nisomee hii. Huu uzi unapanda na kushuka ni nini?”

“Ni joto, Cucu. Kila kilima ni siku moja.”

“Na ile siku ya mvua ya mawe ni gani?”

Nikajifanya naangalia meza ya chai.

“Nilidhani nitaona shimo hapo. Nilipigwa na hiyo mawe mgongo mzima. Niko na alama hata leo. Iko wapi?”

Nikaonyesha kwa kidole. Kilikuwa kilima kirefu kuliko vyote vya wiki ile.

Akakaribisha macho yake ya ukungu hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Kisha akaniuliza bila kupandisha sauti, “Sasa Muriuki, hiyo jua wewe uliitoa wapi?”

“Cucu, kila siku ilikuwa kama jana. Nilijua—”

“Ulijua nini? Wazee wetu walisema hakuna siku inapambazuka kama ingine. Na walisema hiyo bila kipimajoto.” Alifuta makombo ya mandazi kwenye leso. “Mimi natoa mbegu ya kunuka kwa vidole, miaka yote hii. Unajua kwa nini inapita kwa watu wengine? Inafanana na zile nzuri. Hii yako pia inafanana. Sasa itoe.”

“Utamwambia?”

“Mimi? Si mimi niliweka. Huyo msichana amekuita ndugu mbele ya watu. Ndugu ndio atamwambia.”

Unafikiri nilimwambia? Alikuwa hatua kumi kutoka pale, amezungukwa na wanafunzi wake, ameishika ngao kama mtoto mchanga. Akaniita tupigwe picha. Nikaenda. Nikapigwa picha nimeshika ngao upande mmoja na yeye upande wa pili. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Karatina, chini ya magunia, nikiwa nimezima simu.

Siku tisa nilijificha pale. Nilichogundua ni kwamba unaweza kuhama nyumba, unaweza kuhama mji, lakini namba ulizoandika hazihami. Nilikuwa najikuta nikitazama jua saa nane na kujiuliza ni nyuzi ngapi, na jibu likija nilikuwa naona haya kama niliyeshikwa uchi. Mficha uchi hazai, husema Waswahili. Siku ya kumi nilioga, nikaenda chuoni.

Nilimkuta maabarani, anafundisha. Mlango ulikuwa wazi. Nilisimama nje nikamsikia akiwaambia vijana wale, “Msiandike mnachojua. Andikeni mnachoona.” Kisha akaniona. Uso wake ukafunguka. “Ehe, mnamwona huyu? Huyu ndiye niliyewaambia! Ingia, Muriuki, ingia wakuone.”

“Madam, toka kidogo,” nikasema. “Tafadhali.”

Nilimwambia pale kwenye veranda. Sikupamba. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkononi ana kipande cha chaki, na nilipomaliza kilikuwa kimevunjika.

“Siku ngapi?”

“Tatu.”

“Gani?”

Nikamtajia. Nikamwambia na ile mvua ya mawe.

Akafumba macho. “Hiyo ndiyo siku nilikuwa naitafuta.” Halafu akasema, kama anayeongea na mtu mwingine, “Kwa nini hukuacha tupu?”

“Niliogopa utaniona mvivu.”

“Nisingekuona mvivu. Ningeona ulikuwa Nanyuki.”

Nikamwambia nitakwenda kwa mkuu wa idara mwenyewe, niseme kosa ni langu, yeye hana hatia. Akatikisa kichwa. “Mkono ulikuwa wako. Jina kwenye karatasi ni langu.” Akarudi darasani. Nilimsikia akiendelea na somo, sauti yake ikiwa ileile, ila aliwapa kazi ya kuandika mapema kuliko kawaida.

Alasiri ile ile aliipeleka ngao kwa mkuu wa idara. Nilikuwa nyuma yake, nikasema nililopaswa kusema, lakini hakuna aliyenitazama sana. Mimi nilikuwa nani pale? Walimtazama yeye. Aliomba bango libanduliwe, na akaomba waliokuwa ukumbini waambiwe. Tuzo ikapewa mwingine, na nafasi ya uzamivu mwaka ule ikamfuata huyo mwingine. Alipopiga hesabu zake upya bila siku zangu tatu, sehemu kubwa ya kazi ilisimama vizuri. Kama ningeacha mistari ile mitupu, angebaki na kazi yake, na tuzo yake, na angejua kuna siku iliyompotea. Nilichomficha si uvivu wangu tu. Nilimficha shimo, akajenga juu yake.

Na wanawake wa mezani walibaki na swali lao msimu mwingine mzima.

Wairimu hakunifukuza, na hilo lilikuwa zito kuliko kufukuzwa. Msimu uliofuata alikuja na vipimajoto vyake, akazunguka kiwanda chote kama anayetafuta mtu mwingine, kisha akaja mbele yangu akanyoosha daftari. Hakurudia sheria. Wanawake walikuwa wameacha kuniita Daktari. Cucu Nyawira alisogeza kikapu chake, nikapita.

Msimu ule nilisoma mvua saba. Katikati yake nilishikwa na homa, siku moja na nusu sikuweza kuinuka. Niliporudi nilichukua daftari, nikaitazama ile mistari kumi na mitano. Nikaiacha. Jumapili Wairimu akapekua hadi akaifikia. Aliihesabu kwa kidole. Kisha akachukua kalamu yake nyekundu, ile ya kusahihishia wanafunzi, akaweka alama ya vyema pembeni mwa kila mstari mtupu, mmoja mmoja, hadi wa kumi na tano.

Nimesoma habari nyingi tangu hapo, vitabu vya kuokota na vya kuazima, na bado nazunguka, ingawa sasa magoti yanalalamika. Wairimu aliipata nafasi yake baadaye, miaka miwili imechelewa, na leo anafundisha mbali. Daftari lile la alama nyekundu ninalo. Ile picha ya ngao pia ninayo, lakini hiyo imelala kifudifudi chini ya nguo, na hata nilipokuwa nakuandikia haya sikuigeuza.

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Ukifundisha, fundisha kama yule, mpe mtu kitu cha kushika. Ukitafiti, nenda ukaone kwa macho yako, na usipoona, sema hukuona. Mahali usipojua pawe wazi, watu wapaone, maana mtu akijua shimo liko wapi atalizunguka au atalijaza. Ukilifunika kwa majani mazuri, atakayetumbukia ni yule aliyekuamini kuliko wote. Ukiwa umeshakosa, usingoje ukumbi. Sema ukiwa bado na mtu mmoja tu wa kumwambia. Na siku jina lako likiitwa, kabla hujainuka, tazama mikono ya wale waliokuwa nawe mezani. Kama inapiga makofi, inuka.

Wazee wa kwetu walipombariki kijana walimtemea mate kidogo kifuani. Mimi sina haki hiyo, basi nakubariki kwa wino. Mungu akupe siku zisizofanana, na akupe macho ya kuziona. Mvua ikija ikukute kazini. Daftari lako lisomwe na watu usiowajua wasijikwae popote, na pale ulipoacha wazi, apatikane wa kukuwekea alama nyekundu. Na iwe hivyo.